Wizi wa Mama, Mchana Kweupe

Nilifika pale ambapo mkuu wa wanyonya damu anavua glavu zake za hariri, kidole kimoja kimoja, ili amuume msichana shingoni kwa adabu, nikakifunga kitabu. Kwa adabu! Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki hapa Kasulu, mtoto mgongoni analia kwa joto, muuguzi kafungua chupa ya spiriti, harufu ile imenipanda puani mpaka machozi yakanilenga, na mkononi nina kitabu kinachoniambia kwamba kunyonywa damu ni shughuli ya mishumaa na kinanda. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Kibaya?" Nikamwambia, "Si kibaya, mama. Ni kipumbavu." Akasogea kidogo, nadhani aliogopa nisije nikamrushia.

Mume wangu ndiye aliyeniletea kutoka Dar es Salaam, akijua napenda kusoma na hapa vitabu havifiki. Habari yake ni hii: katika dola isiyokuwemo kwenye ramani yoyote, wezi watano wanajipanga kuingia kwenye ngome ya wanyonya damu na kuiba chupa ya damu ya kale, ambayo akiinywa mtu hafi. Mmoja anajua makufuli, mmoja anapanda kuta, mmoja anajua sumu, kiongozi wao ni kijana wa maneno matamu, na wa tano ni mwanamke. Kazi ya mwanamke ni kushika farasi. Kurasa mia tatu na ushei, yeye yuko nje ya ukuta kashika farasi. Nitasema haki: mwandishi anajua kupanga wizi. Lango moja linafunguka ukidhani la pili halitafunguka, na kwa sababu yake nimeunguza maharage siku mbili mfululizo. Lakini huyu mtu hajawahi kumwogopea mtu wake. Hajui hofu ya damu ilivyo, na hajui wizi wa kweli hufanywa na nani. Ndiyo maana nina hasira, na hasira yenyewe si ya kitabu peke yake.

Ninyi wenzangu mliokuwa watoto miaka ile ya kuhamishiwa vijijini, hasa mliokulia upande wa Kitahana kama mimi, mnajua kwamba wanyonya damu tuliwaona kwa macho. Hawakuvaa hariri. Walikuja kwa Landrova, wakashusha meza ya kukunja, benchi, na kisanduku cha mbao chenye vipande vya vioo vidogo kama vya kuchezea. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetolewa kwenye migomba yetu, kila ukoo mlimani kwake, tukapangiwa nyumba kwenye mistari kando ya barabara. Baba mdogo Minani, mdogo wake baba, aliiangalia mistari ile jioni moja akauliza, "Mahindi tunayapanga mstari kwa ajili gani?" Akajijibu mwenyewe: "Ili yavunike kwa urahisi." Watu wazima walicheka, lakini cheko lile halikwenda mbali. Siku Landrova ilipokuja hakuna aliyecheka tena. Neno mumiani walilianzisha wakubwa. Sisi watoto tulilimalizia.

Mganga aliyekuja alikuwa mtu wa mikoa ya mbali, mpole, Kiswahili chake cha shule. Alituweka mstarini akatupapasa shingo, nyuma huku chini ya masikio, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Aliyekutwa na tezi alichomwa sindano palepale shingoni, na kile kilichotoka kikapakwa kwenye kioo. Walikuwa wanatafuta malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o wa porini. Walilisema hilo, wakalirudia. Lakini ukimchoma mtu shingoni mbele ya mtoto wa miaka tisa, maneno yako yote ya baadaye ni upepo.

Baba yangu, Data kama tulivyomwita kwa lugha ya kwetu, alikuwa mrina asali. Aliingia porini na mdogo wake wakakaa huko wiki nzima na zaidi, akarudi ananuka moshi na nta, ndevu zinanata, na ukimlamba mkono, nami nilikuwa nikimlamba, ulikuwa mtamu. Sasa fikirieni kichwa cha mtoto. Mganga yule aliweka kioo cha kila mtu chini ya chombo chake, akainama, akafumba jicho moja. Vioo vya watu wengine alivitazama mara moja akaviweka kando. Cha baba alikitazama, akakitazama tena, akamwita mwenzake naye atazame. Nilijua papo hapo. Walikuwa wanatafuta damu tamu, na ya baba yangu, mtu aliyekula asali maisha yake yote, ilikuwa tamu kuliko zote. Nilishangaa wakubwa hawakuliona jambo lililo wazi namna ile.

Kwamba baba alikuwa tayari mgonjwa, sikulihesabu. Alikuwa akisinzia mchana na tonge mkononi, usiku anazunguka nyumba. Aliyekuwa mcheshi sasa alirusha sahani. Siku moja alilia kwa sababu kuku amepita. Mama alimwona, mimi nilimwona, lakini mama aliona ugonjwa na mimi niliona mtu aliyeonjwa.

Mama akampeleka hospitali, mimi nikaachwa kwa Baba mdogo Minani. Kule hospitali walimchoma baba mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo, na habari hiyo ilipofika kijijini, Baba mdogo hakumaliza hata kikombe alichokuwa akinywa. Alichukua baiskeli. Alimkuta kaka yake ameketi juani nje ya wodi, mama kaenda mtoni kufua, akamwambia mlinzi anamnyoosha mgonjwa miguu. Walirudi saa za kutoka shamba: baba amekaa nyuma kwenye kerieri, kafungwa na mdogo wake kiuno kwa kiuno kwa mpira wa tairi asianguke, kichwa kimelala begani pa Baba mdogo, mdomo wazi. Kijiji kizima kilitoka kushangilia. Mimi nilikimbia kando ya baiskeli nikipiga vigelegele. Ule nao ulikuwa wizi, na sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Baba mdogo siku ile.

Mama alifika kesho yake kwa miguu, vumbi mpaka magotini, kajitanda blanketi jekundu la hospitali. Baba mdogo alisimama mlangoni pake, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Hilo blanketi umepewa na nani, shemeji?"

"Hospitali. Ni la mgonjwa."

"Bure?"

"Bure."

"Watu waliokutoa kwenye migomba yako mwenyewe wakupe blanketi bure!" Akageukia majirani. "Mmesikia? Kamuuza kaka yangu kwa blanketi."

"Minani," mama akasema, "asipochomwa zile sindano atalala moja kwa moja. Nimeambiwa hana siku nyingi. Nipishe."

"Akilala, alale kwake. Atakuwa na damu yake yote."

Mama aliniita nitoke. Sikutoka. Nilikuwa nyuma ya miguu ya Baba mdogo, namtazama mwanamke aliyemuuza baba yangu. Alinitazama kidogo, akaenda zake. Hakulia wala hakupiga kelele, na kwangu huo ukawa ushahidi.

Hapo ndipo ninapogombana na kitabu kuliko popote. Kwenye kitabu, wezi wanakutana kwenye handaki, wanachora ramani, wanaapa. Mama alikwenda kwa Mama Tatu. Mama Tatu alikuwa mke wa mwenye duka, Mwislamu mtu wa Ujiji, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha wafu, na kwa vile hakuwa wa ukoo wetu wala hakuwa mkwe wa mtu pale, alikuwa na ulimi usio na mwenyewe. Wakakaa nyuma ya duka wakichambua mchele. Mpango wote ulipangwa juu ya ungo mmoja wa mchele, na hakuna aliyeapa chochote.

Lazima niseme machela ya kwetu ilikuwaje, maana vijana wa sasa wanaona magari tu. Ilikuwa kitanda cha kusukwa kwa matete, kimefungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne mabegani. Mgonjwa hufunikwa nguo mpaka kichwa. Mwanaume yeyote akisikia wito wa machela anaacha jembe. Akikutana nayo njiani, anaweka bega lake mpaka kilima kinachofuata, awe na haraka ya kwenda wapi sijui. Ikiwa ndani yake kuna mwanamke mwenye uchungu, haulizi wala hatazami, anatazama njia. Na kubwa kuliko yote, machela ikishaondoka na mtu hai haigeuzwi. Inayorudi ni ya maiti. Ukiigeuza njiani umetangaza msiba, na hakuna mtu kwetu angekubali kuutangaza msiba wa mtu anayehema.

Basi ikafika siku ya shamba la kijiji, ambayo kila mwenye mikono alitakiwa kwenda. Baba alibaki chini ya ulinzi wa bibi, mama yao. Mama Tatu akamfuata na ugoro mpya pamoja na umbea wa watu wa Kasulu, akamkalisha uani, na bibi akacheka mpaka akapaliwa. Mama na wanawake wawili wakaingia nyumbani. Mimi nilikuwa uvunguni nikicheza, nikatolewa kwa mkono mmoja kama kifaranga.

"Beba kibuyu cha maji," mama akaniambia. "Fuata nyuma. Mdomo."

Neno "mdomo" peke yake. Akina mama wa kwetu hawakuhitaji kumalizia.

Walimlaza baba kwenye machela, wakamfunika khanga za Mama Tatu, mpya, zenye harufu ya duka, na wakambeba wao wenyewe kwa shida mpaka barabarani. Kisha Mama Tatu, aliyekwisha kumuaga bibi, akajaza mapafu akapiga ukelele kuelekea shambani: "Mwanamke anakufa na mimba! Wanaume mko wapi? Mgeni wangu anakufa na mimba!"

Wakaja mbio, majembe yamelala huko. Na wa kwanza kufika, maana alikuwa na miguu mirefu na, nitasema ukweli, moyo mzuri, ni Baba mdogo Minani. Akaweka bega mbele kulia bila kuuliza kitu.

Niambieni ni mwandishi gani angethubutu. Mlinzi wa hazina ndiye mbeba hazina! Mama akajitanda khanga usoni, akawa mwanamke mmoja kati ya wanawake wanne, tukaondoka.

Baba alikuwa akiguna usingizini. Mguno mnene, wa mtu mzima mwenye kifua. Tulipopanda kilima cha kwanza mbebaji wa nyuma akasema, "Mwanamke huyu ana sauti nzito."

"Wewe kibofu kikikujaa tu kijiji kizima kinajua," Mama Tatu akamjibu. "Ukibanwa na mtoto utaimba sauti gani?"

Wanaume wakacheka, wakaongeza mwendo. Baba mdogo akasema kwa upole kabisa, "Vumilia, mama. Vumilia, tunafika." Alikuwa akimwambia kaka yake.

Mimi nilitembea nyuma na kibuyu changu, na moyoni mwangu kulikuwa na vita. Nilijua ni nani yumo ndani. Niliona wanampeleka kwa wale wa vioo, na mtu pekee duniani aliyeweza kumwokoa alikuwa hatua chache mbele yangu, jasho linamtoka kwa kumbebea mwuaji windo lake. Tulipokuwa tunashuka kuelekea mto, khanga ikasogea, mguu wa baba ukatoka nje mpaka kwenye kifundo, wenye lile kovu la moto wa kufukiza nyuki. Sikuweza zaidi.

"Baba mdogo!" nikapiga kelele. "Humo ni Data! Wanampeleka kwenye damu!"

Machela ikasimama. Nasema ilisimama kama iliyogonga ukuta. Baba mdogo hakugeuza mwili, maana alikuwa na mti begani, aligeuza shingo. Aliuona mguu. Akamtafuta mama kati ya wale wanawake, naye mama akajifunua uso mwenyewe.

"Wewe," akasema.

"Mimi," mama akasema.

"Tunageuza."

"Geuza," mama akasema. "Geuza, Minani. Uingie nayo kijijini, bibi aione inarudi. Uwaambie wewe kwamba kaka yako amekufa. Mimi sitasema."

Ndani ya machela baba akaguna. Wale wabebaji wengine watatu wakatazama njia, na yule aliyeshangaa sauti nzito akanong'ona, "Anahema, Minani. Hatugeuzi mtu anayehema."

"Ni mumiani huko!"

"Huenda ni mumiani. Hii ni machela. Songa."

Kijana mmoja aliyekuwa akitufuata akajitolea kumpokea bega. Baba mdogo akamfokea kwamba hatamwacha kaka yake mikononi mwa wachawi hawa hata hatua moja. Kwa hiyo akabeba. Alimbeba mpaka mtoni, akambeba kuvuka, akambeba vilima vyote vilivyobaki, wengine wakipokezana yeye akikataa kupokewa, na njia nzima alitukana. Alimtukana mama, akalitukana duka na mchele wake, akamtukana mwenye kubuni sindano, akarudi kwa mama. Mama alitembea nyuma. Mimi nilipata kofi moja la kisogoni kutoka kwa Mama Tatu, lenye pete, na baada ya hapo kipande cha sukari guru kutoka kwenye mkono uleule.

Hospitali walimpokea siku ileile. Sindano zile zilikuwa kali. Baba alipiga kelele kwamba wamemtia pilipili kwenye mishipa. Baba mdogo alikaa kwenye kizingiti cha wodi na panga, akihesabu anayeingia na anayetoka, mpaka muuguzi mkuu akamwambia panga likae nje na yeye akitaka akae ndani. Akakaa ndani. Mimi sikubadili mawazo upesi, msidhani. Nilipoona wanamlisha baba uji kwa kijiko, mayai, maziwa, nilijua wanamnenepesha. Kila asubuhi nilimtazama nikitarajia ndiyo siku yenyewe. Kisha asubuhi moja alifumbua macho, akanitazama sawasawa, macho yake yale ya zamani, akasema, "Mbona hujachana nywele? Mama yako yuko wapi, na nani anaangalia mizinga yangu?" Wakamwacha aondoke. Alitoka getini kwa miguu yake, na damu yake yote, na hakuna aliyemkimbilia. Nilitembea kinyumenyume sehemu ndefu ya barabara nikililinda lile geti.

Nimeshasema nina hasira, na mpaka hapa hamjaona kwa nini. Watu wanaponisikia nikisimulia hivi hufurahi, wananiambia, basi yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Yaliisha hivi.

Baba alipopata nguvu, ikapikwa wanzuki, pombe yetu ya asali, watu wakaitwa. Alisimama katikati ya uani, bado mwembamba, kashika fimbo. Yeye hakukumbuka lolote. Alikuwa kama mtu aliyelala tangu kwenye kerieri ya baiskeli mpaka kwenye uji. Alichojua ni kile alichohadithiwa, na kilikuwa kweli tupu: kwamba mdogo wake alimbeba begani mpaka hospitali bila kukubali kupokewa. Akamwita mbele za watu. Akamwambia ndugu ni huyu, na mwenye kaka amtazame huyu. Akampa mizinga yake miwili iliyo bora, ile ya ng'ambo ya mto, asali na nyuki wake. Wazee wakapiga makofi. Nami nikamtazama Baba mdogo, nikingoja aseme. Alitazama chini. Kisha akainyoosha mikono yote miwili, kama tunavyopokea, akapokea.

Mama alikuwa akipita na kata, akiwajazia watu vikombe. Nilifungua mdomo, Mama Tatu akanishika sikio kabla sijatoa sauti. Na hapo baba, kwa furaha yake, bila ubaya wowote, ndicho ninachosema kiniuacho, akamgeukia mama na kumuuliza watu wote wakisikia, "Na wewe, mke wangu, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Hata bibi aliacha kuvuta ugoro.

"Nilikuwa nyuma," mama akasema, "nafukuza nzi."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akasema, "Nzi tu?"

"Nzi tu," mama akasema, akamjazia Baba mdogo kikombe chake. Alikijaza polepole mpaka kwenye ukingo, akaendelea kumimina, wanzuki ikamtiririkia Baba mdogo vidoleni na mapajani, naye akakishikilia kikombe, akakishikilia, asithubutu kusema imetosha.